Taa ya mashine ya kufua ikiwaka na kuzima: mambo ya kuangalia kabla ya kumpigia fundi

Simu nyingi ninazopokea huanza kwa maneno yale yale: "Fundi, mashine imekufa, inawasha taa tu." Mimi hutengeneza mashine za kufua mashariki mwa Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Donholm na Embakasi, na kuna jambo moja ningetaka kila mwenye mashine alijue. Ile taa haikutajii kifaa kilichoharibika. Inakuambia mashine ilikuwa ikisubiri nini ikakikosa. Ilisubiri maji yaingie, au yatoke, au mlango ushike, au nguo zitulie ndani ya pipa, ikasubiri hadi muda wake ukaisha, ikasimama. Na hapa kwetu, kile ilichokikosa mara nyingi kiko nje ya mashine yenyewe: kwenye mfereji, kwenye tangi la juu ya paa, kwenye soketi, kwenye shimo la bafu. Inaniuma kuchukua pesa za mtu ambaye shida yake ilikuwa mpira uliokunjika nyuma ya mashine.

Maandalizi huanza siku ambayo mashine ni nzima. Tafuta kibandiko chenye namba ya modeli na ukipige picha. Kwenye mashine za mlango wa mbele huwa kwenye ukingo ukifungua mlango, na kwenye zile za kufungulia juu mara nyingi kiko nyuma, kwa hiyo kipige picha kabla hujaisukuma ukutani. Kwa namba hiyo utapata kitabu cha maelezo kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, hata kama uliinunua ya mitumba kutoka Uingereza na ikaja bila karatasi hata moja. Usisome kitabu cha jirani. Herufi LE kwenye LG zinahusu mota iliyozidiwa au iliyokwama, na herufi hizo hizo kwenye Samsung zinahusu maji yanayovuja. Nimewahi kukuta mtu ameagiza mota kwa sababu ya LE aliyoisoma kwenye kitabu kisicho chake.

Mashine yenye kioo cha herufi ni rahisi kuisoma. Kwenye LG, IE ni maji hayaingii inavyotakiwa, OE ni maji hayatoki, UE ni nguo zimeegemea upande mmoja, dE ni mlango. Samsung huandika 4E au 4C kwa maji yasiyoingia, 5E au 5C kwa yasiyotoka, na ile 5 watu wengi huisoma kama S. Bosch hutumia E17 kwa kuingia na E18 kwa kutoka. Electrolux na Zanussi ni E10 kwa kuingia, E20 kwa kutoka, na E40 kwa mlango. Ukizipanga pamoja utaona zote zinauliza maswali yale yale matatu manne, kila moja kwa lugha yake.

Kazi iko kwenye mashine zisizo na kioo, zenye taa ndogo tu kandokando ya vitufe. Hapo usiangalie tu kwamba taa "inawaka". Angalia ni taa gani, inawaka mfululizo au inapepesa, na kama inapepesa, mara ngapi kabla ya kutulia na kuanza tena. Baadhi ya Zanussi hupepesa mara 1, mara 2 au mara 4 badala ya kuandika E10, E20 au E40. Indesit na Hotpoint nyingi zina njia nyingine: taa kadhaa hupepesa kwa pamoja, kila taa ina thamani yake, 1, 2, 4 au 8, na unazijumlisha. Taa ya 4 na ya 1 zikipepesa pamoja unapata F05, ambayo mara nyingi ni maji kushindwa kutoka. Mpangilio wa thamani hizo hubadilika kutoka modeli moja hadi nyingine, ndiyo maana video ya sekunde 20 ya hizo taa inanisaidia kuliko maelezo marefu kwenye simu. Ichukue kabla hujazima mashine, kwa sababu ukizima, baadhi husahau kila kitu.

Sasa maji. Hapa ndipo ninapotaka ukae nami zaidi, kwa sababu simu nyingi ninazopokea zinatoka hapa.

Nairobi maji huja kwa mgao. Kila mtaa una siku zake, siku zilizobaki unategemea tangi, kisima cha kuchimbwa au bowza. Maji yanaporudi kwenye mabomba baada ya siku mbili tatu, huja na hewa na tope. Usiwe wa kwanza kuyapokea kwa mashine. Fungua mfereji wa jikoni, uache hadi maji yatoke meupe bila kukohoa, ndipo uiwashe. Nyuma ya mashine, pale mpira wa kuingiza maji unapofungiwa, kuna wavu mdogo wa kuchuja, mpana kama kifuniko cha chupa ya soda. Funga mfereji, chomoa plagi, fungua mpira, uvute wavu huo taratibu kwa koleo. Mara nyingi utakuta mchanga mwekundu umeuziba kabisa. Usugue kwa mswaki mzee na uurudishe, usiutupe, kwa maana wavu usipokuwepo, mchanga utaingia kwenye valvu, kile kifaa kinachofungua na kufunga maji yanayoingia, na ukishafika huko hapo sasa fundi anahitajika kweli.

Kitu kingine ni nguvu ya maji. Vitabu vingi huandika kwamba mashine inahitaji angalau 0.5 bar, na hiyo ni nguvu ya maji yanayoshuka kutoka mita 5 hivi juu ya mfereji. Ukiishi ghorofa ya mwisho, tangi liko mita 2 juu ya kichwa chako, huwezi kuipata nguvu hiyo, ilhali jirani wa ghorofa ya kwanza anafua bila shida kwa maji ya tangi lile lile. Mashine yako si mbovu. Kipimo changu ni cha ndoo: toa mpira kwenye mashine, uelekeze kwenye ndoo ya lita 20, fungua mfereji mpaka mwisho. Ikipita dakika 5 haijajaa, najua IE ile ni ya tangi. Dawa yake ni pampu ndogo ya kuongeza nguvu, na hilo ni la kuzungumza na mwenye nyumba kwanza.

Kuna IE nyingine ambayo huwapotosha hata mafundi. Mama mmoja wa Donholm aliniita mashine yake ikiwa imeshabadilishwa valvu na fundi mwingine, amelipa, na siku mbili baadaye IE imerudi. Nilimwomba aiwashe, nikasimama tu bila kugusa kitu. Maji yaliingia vizuri, niliyasikia. Baada ya dakika moja hivi nikasikia maji mengine upande wa bafuni.

"Mama, kuna mtu anaoga?"

"Hapana, fundi, niko na mtoto tu, na amelala."

Tukaenda kuangalia. Mpira wa kutoa maji ulikuwa umetolewa kwenye kishikio chake nyuma ya mashine, ukalazwa sakafuni, mdomo wake umesukumwa ndani ya shimo la bafu na kuzungushiwa kitambaa usiruke. Maji yaliyoingia kwa juu yalikuwa yakitiririka yenyewe kwa chini. Mashine ingejaza hadi kesho bila kujaa, kwa hiyo ikaandika kwamba maji hayaingii. Tuliuinua mpira hadi ukingo wa sinki tukaufunga kwa kamba, ikajaa na kufua. Kisha akaniletea ile valvu ya zamani, ameihifadhi kwa kuifunga na gazeti. Niliipima. Ilikuwa nzima.

Kwa hiyo, kabla ya yote, angalia mdomo wa mpira wa kutoa maji uko wapi. Unatakiwa uinuke sentimita 60 hadi 90 kutoka sakafuni, na usizamishwe ndani ya bomba kiasi kwamba hewa haipiti. Ukiona hata mara moja maji yanatoka wakati mashine inajaza, umeshapata jibu.

Taa ya maji kutotoka ina mahali pamoja pa kuanzia: kichujio cha pampu, chini kulia au kushoto mbele ya mashine, nyuma ya kifuniko kidogo. Kabla ya kukifungua, chomoa plagi, tandika taulo, weka beseni bapa, na kama ulikuwa unafua kwa maji moto, subiri yapoe. Mashine nyingi zina kimpira chembamba kando yake cha kutolea maji kidogo kidogo. Tumia hicho kwanza, la sivyo utafurika jikoni. Ndani yake nimetoa sarafu, vifungo, waya wa sidiria, soksi ya mtoto mchanga, na kalamu ya shule iliyogeuka kuwa vipande. Ukishatoa uchafu, ingiza kidole na uzungushe kifeni kidogo cha pampu kilicho ndani. Kinatakiwa kuzunguka kwa kurukaruka. Kikigoma kabisa, au kikizunguka lakini pampu haingurumi ukiwasha, hiyo ni ya fundi.

Sabuni nayo ina lawama yake. Ile ya unga ya kufulia kwa mkono hutoa povu jingi, na mashine ya mlango wa mbele hutumia maji kidogo, kwa hiyo povu hupanda, pampu inasukuma hewa badala ya maji, na Samsung huandika SUd. Zima, acha povu lishuke, suuza bila sabuni, na siku nyingine nunua iliyoandikwa kwamba ni ya mashine.

UE haina mambo mengi. Blanketi moja zito likifuliwa peke yake hujikusanya upande mmoja, na mashine hukataa kukamua. Fungua, litandaze upya, ongeza taulo mbili. Kama inarudi kila mara hata kwa nguo za kawaida, miguu haijasawazishwa. Mashine mpya inayoruka jikoni mara ya kwanza kabisa, angalia kama boliti za kusafirishia zilitolewa nyuma yake.

Kuna pia taa ambazo si hitilafu kabisa. CL ni kufuli ya watoto, mtoto amebonyeza akaiwasha. Bonyeza kitufe chenye alama hiyo kwa sekunde 3. tcL kwenye LG ni ukumbusho wa kusafisha pipa. Watu wamelipia fundi aje awaambie hayo.

Stima inahitaji uangalifu wake. Tokeni zikiisha katikati ya kufua, mlango hubaki umefungwa. Usiuvute kwa nguvu, kishikio cha plastiki ndicho huvunjika, na dE ya siku zote huanzia hapo. Toa maji kwa kile kimpira cha chini, usubiri dakika chache. PF kwenye LG maana yake ni kwamba stima ilipotea, hakuna zaidi. Kama umeichomeka kwenye gadi ya kulinda vyombo, na mimi nakuhimiza uwe nayo kwa jinsi stima yetu inavyorudi kwa kishindo, angalia taa ya gadi kabla ya kusema mashine haiwaki. Nyingi hushikilia stima kwa muda hadi zihakikishe imetulia. Gadi yenyewe iwe ya ampea 13, kwa sababu mashine inapochemsha maji hula wati 2000 hivi, zaidi ya ampea 8, na ile ndogo ya televisheni itaungua. Waya wa kuunganishia ule mwembamba wa soketi nne, tafadhali, usiutumie.

Kuna mahali ambapo usiendelee kuchunguza. Ukigusa chuma cha mashine na kuhisi kikikutekenya, zima kwenye ukuta, usiiguse tena hadi mtu apime waya wa ardhi wa nyumba. Swichi kuu ikianguka kila maji yanapoanza kupata moto, hita imevujisha stima. Harufu ya kuungua ni hivyo hivyo. Na ukiona FE kwenye LG, au maji yanaendelea kuingia hata baada ya kuzima, kimbilia mfereji kwanza, valvu imekwama ikiwa wazi.

Ukifika hapo, piga simu. Niambie namba ya modeli, unitumie ile video ya taa, na uniambie ilisimama wapi: kabla ya maji kuingia, katikati ya kufua, au ilipotaka kukamua. Niambie pia kama maji ya mtaa yalikuwepo siku hiyo, na kama kuna mtu aliisogeza mashine wiki hiyo ili apige deki. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na mimi huliuliza kila mara.