Dawa ya presha na sukari: anza kwa kusoma pakiti

Baadhi ya dawa za presha zaweza kupandisha sukari ya damu. Chukua pakiti ya dawa yako ya presha, usome jina la dawa yenyewe, si la kibiashara. Yangu ni hidroklorothayazaidi, ya kuongeza mkojo. Hii hupunguza potasiamu, aina ya madini, mwilini, na potasiamu ikishuka kongosho hutoa kidogo insulini, homoni ya kushusha sukari, sukari ikapanda. Ndiyo maana niliomba nipimwe vyote viwili, sukari na potasiamu, nawe omba. Atenololi, dawa nyingine ya presha, nayo yaweza kupandisha sukari, tena kwa anayetumia insulini huficha moyo kwenda mbio sukari ikishuka. Jasho halifichiki, liangalie hilo. Losatani na enalaprili, nazo za presha, hazina tabia ya kupandisha sukari. Usiache dawa ghafla, hasa atenololi! Mwulize daktari kama dozi yaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa.