Mgagani kuanzia mbegu mpaka mboga kavu iliyobaki kijani, hatua kwa hatua

Wadau wa mboga za asili, leo tuongee mgagani, ndugu zetu wa Kenya wanaita saga, Wajaluo dek. Watu wengi wanauchukulia kama gugu linalojiotea tu pembeni ya shamba, wakati pale Tengeru Arusha World Vegetable Center wana benki ya mbegu za mboga za Kiafrika na mgagani umo, wanaufanyia utafiti kabisa. Kuna kitu kimoja nataka mkishike: mgagani unataka jua kali ukiwa shambani, ila ukishauchuma usiuanike juani. Nitaeleza kwanini.

Hatua ya 1: mbegu
Hapa ndo watu wanakwama sana. Mbegu iliyovunwa juzi hata uimwagilie vipi itaota chache tu, nyingine zimelala bado. Iweke mahali pakavu miezi 3 mpaka 6 ndo usie, na ukinunua sokoni muulize muuzaji imevunwa lini. Alafu kuna utafiti ulifanyika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wakakuta mbegu ya mgagani inaota vizuri kwenye joto la kama nyuzi 30 tena gizani, mwanga unaizuia. Kwahiyo ile tabia ya kumwaga mbegu juu ya tuta na kuiacha wazi achana nayo, na kama uko Arusha, Mbeya au Njombe usisie Juni na Julai maana udongo una baridi, utasubiri mpaka uchoke na utamlaumu aliyekuuzia bure.

Hatua ya 2: tuta
Samadi iliyooza vizuri, kilo 1 mpaka 2 kwa mita ya mraba, changanya na udongo. Chora mistari sm 30 kati ya mmoja na mwingine, kina kama sm 1 tu. Mbegu zenyewe ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu ndo zitawanyike sawa, kisha fukia kidogo. Usipande chini ya migomba, mgagani unatengeneza chakula chake kwa njia ileile ya mahindi na mtama, inayotaka jua jingi, kivuli kinaudumaza, na maji yakituama nayo yanauua.

Hatua ya 3: matunzo
Wiki ya 3 hivi punguzia ibaki sm 15 kati ya mche na mche, unayong'oa pika. Kagua chini ya majani asubuhi, vidukari wanapenda kukaa huko. Ukiona maua yanaanza kata ncha haraka, mmea ukishaanza kuzaa majani yanakuwa madogo na mavuno yanaisha mapema, ila ukikata unachipua pembeni na unaendelea kuchuma wiki kadhaa.

Hatua ya 4: kuchuma
Asubuhi mapema, weka kwenye tenga kivulini. Ukizibana kwenye kiroba zinapata joto zenyewe na kugeuka njano kabla hujafika nyumbani.

Hatua ya 5: kuchovya kwenye maji ya moto
Hii watu wanairuka na ndo roho ya kazi yote. Jani likishachumwa bado lina vimeng'enya vinavyoendelea kufanya kazi, vinaharibu rangi, harufu na vitamini hata likiwa limekauka, na joto kali la muda mfupi ndo linavizima. Chambua, osha, weka mboga kwenye kitambaa cha neti, chovya kwenye maji yanayotokota dakika 2. Utaona jani linabadilika ghafla, linakuwa kijani cha kung'aa na linalegea, hapo toa ingiza kwenye maji ya baridi papo hapo, chuja. Ukiweza kutumia mvuke ni bora zaidi kwasababu vitamini C inayeyukia kwenye maji. Na tafadhali usitie magadi, rangi itapendeza kweli lakini magadi yanaangamiza vitamini C na B1.

Hatua ya 6: kukausha
Jua la moja kwa moja linaunguza beta karotini, ile ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na linaharibu ile rangi ya kijani pia, ndo maana mboga iliyoanikwa kwenye bati inatoka ya kahawia. Tumia kaushio la sola lenye nailoni juu, tandika kitambaa cheusi kwa juu mboga isipigwe na mwanga, hewa iingie chini itoke juu, joto liwe nyuzi 50 mpaka 60. Tandaza tabaka jembamba, geuza mara kwa mara. Huna kaushio? Anika kivulini penye upepo, juu ya chekeche siyo chini. Imekauka pale jani likivunjika mkononi kwa sauti, likikunjika tu bado lina maji na litaota ukungu. Usishangae mzigo kupungua, zaidi ya asilimia 80 ya jani bichi ni maji.

Hatua ya 7: kutunza na kupika
Iache ipoe kabisa ndo ufunge kwenye chombo kisichopitisha hewa, kabatini gizani, andika tarehe. Siku ya kupika loweka maji ya vuguvugu kama nusu saa na upikie maji hayohayo, tia maziwa au karanga, maziwa yanapunguza uchungu na mafuta yanasaidia mwili kuchukua hiyo beta karotini. Vitamini C nyingi imeshapotea njiani, hilo halikwepeki, kwahiyo ukishaepua kamulia limao, litasaidia pia madini ya chuma yaingie mwilini.