Jinsi ya kutambua aina ya betri ya lithiamu kabla ya kuichaji

Betri nyingi zinazowafikia mafundi wa sola hapa Kisumu, ziwe zimetoka kwenye taa za wavuvi wa omena au kwenye pikipiki za umeme, huitwa "lithiamu" tu, ilhali zipo za aina kadhaa zisizofaa kutumia chaja moja.

Hatua ya 1. Soma kibandiko. LFP, au LiFePO4, ni lithiamu yenye chuma na fosfati, na volti ya kawaida ya seli yake ni 3.2. NMC ina nikeli, manganizi na kobalti, na volti yake ni 3.6 au 3.7. Kile kidude cha duara cha CR2032 nacho kina lithiamu, lakini hakichajiwi kamwe.

Hatua ya 2. Kibandiko kikiwa kimebanduka, usiamini umbo, kwa sababu seli ya 18650, ile ya mche duara, hutengenezwa kwa aina zote mbili. Pima kwa multimita. Seli iliyotulia ikasoma volti 3.8 si LFP, ikisoma 3.3, huenda ni LFP yenye chaji ya kutosha au NMC inayokaribia kuisha. Hapo weka chaja ya kurekebishwa kwenye volti 3.6, kwa mkondo mdogo, uache seli ijae hadi mkondo ukaribie sifuri, kisha uichomoe na kuiacha itulie saa kadhaa. LFP itashuka hadi takriban 3.3 au 3.4, ilhali NMC itabaki karibu na 3.6. Seli iliyovimba usiijaribu hata kidogo.

Hatua ya 3. Linganisha chaja na pakiti, yaani seli kadhaa zilizounganishwa pamoja, maana hapa ndipo hatari ilipo. Seli nne za LFP zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 12.8 na hujaa kwenye 14.6, tatu za NMC hutoa 11.1 na hujaa kwenye 12.6, na zote mbili huuzwa kwa jina la "betri ya volti 12". Ukiifunga ya NMC kwenye chaja ya LFP, kila seli itasukumwa kuelekea volti 4.87 badala ya 4.2, na sakiti ya ulinzi ikishindwa kukata, moto unaweza kuzuka.

Hatua ya 4. Kwa sola ya nyumbani ningechagua LFP, ambayo ni nzito zaidi lakini hudumu na kustahimili joto. Wepesi wa NMC una maana zaidi kwenye pikipiki. Usichanganye aina hizo katika pakiti moja.

Hatua ya 5. Andika aina na volti ya kujaa juu ya pakiti kwa kalamu isiyofutika kabla ya kumrudishia mteja.