Namna ya kuutumia ushahidi wa kipimo cha haraka cha malaria, hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimewaandikia matabibu wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, hasa walioanza kazi karibuni, ambao kila siku hupokea watoto wenye homa na kulazimika kuamua matibabu kwa kutazama mistari miwili midogo kwenye kipande cha plastiki. Miongozo ya kitaifa hutueleza la kufanya, lakini mara chache hutuonyesha ushahidi uliozaa maelekezo hayo, na tabibu asiyeujua ushahidi huo huyumba haraka pale mama anapomwambia, "Daktari, huyu ana malaria, namjua mwanangu."

Hatua ya kwanza: fahamu kwa nini tunapima kabla ya kutibu

Zamani, katika maeneo yenye malaria nyingi, mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye homa alipewa dawa ya malaria bila kupimwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria, wa umri wowote, apimwe kwanza kwa hadubini au kwa kipimo cha haraka. Ushahidi mmoja mzito ulitoka hapa hapa kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ulichunguza wagonjwa 4,474 waliolazwa wakitibiwa kama wenye malaria kali, na damu zao ziliposomwa upya kwa uangalifu, asilimia 46 tu ndio waliokutwa na vimelea. Miongoni mwa wagonjwa hao, wasio na vimelea walikufa kwa kiwango cha asilimia 12 hivi, ilhali wenye vimelea walikuwa asilimia 7. Naomba msome tena tarakimu hizo mbili. Waliokufa zaidi ni wale ambao ugonjwa wao halisi ulifichwa na jina la malaria.

Hatua ya pili: tafuta tarakimu mbili za kipimo

Kila utafiti wa kipimo hutoa tarakimu mbili. Ya kwanza ni unyeti, yaani kati ya wagonjwa 100 wenye malaria kweli, kipimo kitawanasa wangapi. Ya pili ni umahususi, yaani kati ya watu 100 wasio na malaria, kipimo kitawaachia huru wangapi. Mapitio ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua kwa pamoja tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 74, yalikuta kwamba vipimo vinavyotafuta HRP2, protini inayotolewa na vimelea vya malaria, ambavyo ndivyo vilivyoenea zaidi Afrika, vina unyeti wa takriban asilimia 95 na umahususi wa takriban asilimia 95. Unaposoma utafiti mwingine wowote, angalia pia wagonjwa walipatikana wapi na majibu yalilinganishwa na nini, kwa sababu kipimo kilichojaribiwa kwa wagonjwa mahututi peke yao huonekana bora kuliko kitakavyokuwa kwenye foleni yako ya asubuhi.

Hatua ya tatu: zipeleke tarakimu hizo mahali unapofanyia kazi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami naiona kuwa kiini cha kazi yote. Chukua kalamu. Tuseme umepokea wagonjwa 1,000 wenye homa katika eneo ambalo 400 kati yao wana malaria kweli. Kipimo kitawanasa 380 na kuwakosa 20, na katika wale 600 wasio nayo kitawasingizia 30. Waliopata jibu chanya ni 410, na 380 kati yao wanaumwa malaria kweli, yaani asilimia 93.

Sasa hamia wilaya ya nyanda za juu, ambako ni 20 tu kati ya 1,000 wenye malaria. Kipimo kile kile kitawanasa 19 na kumkosa 1, lakini kitawasingizia 49 kati ya 980. Jibu chanya 68, malaria ya kweli 19, sawa na asilimia 28. Kipimo hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali. Kwa upande wa jibu hasi, hapo kosa ni 1 tu kati ya watu 932. Kwa hiyo kwenye malaria haba, jibu hasi ni la kuaminika mno, na mwenye jibu chanya atibiwe, lakini asiachwe bila kuchunguzwa sababu nyingine ya homa.

Hatua ya nne: pima sawasawa

Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi, tumia bafa (kimiminika cha kipimo) ya pakiti ile ile, na usome jibu ndani ya muda ulioandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Mstari wa T, unaoonyesha jibu, hata ukiwa hafifu ni jibu chanya. Mstari wa C, unaothibitisha kuwa kifaa kinafanya kazi, usipotokea, rudia kwa kifaa kipya.

Hatua ya tano: jibu likiwa hasi, endelea kutafuta

Niliwahi kuletewa mtoto wa miezi 18 aliyekuwa amepewa dawa mseto ya malaria kwingine bila kupimwa. Kipimo changu kilikuwa hasi. Nilimwomba mama amfunue kifua na kumtuliza, nikahesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya mkononi: 54. Kwa umri wa miezi 12 hadi miaka 5, pumzi 40 au zaidi ni za haraka. Kwa miezi 2 hadi 11 ni 50. Alikuwa na nimonia, na alihitaji amoksilini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu watoto 1,005 wenye homa wa Dar es Salaam na Ifakara ulionyesha kuwa malaria ilikuwa kwa takriban asilimia 10 tu, na maambukizi ya njia ya hewa kwa asilimia 62, mengi yakiwa ya virusi. Kwa hiyo antibiotiki nayo isiwe mbadala wa kila jibu hasi. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea, apewe rufaa mara moja.

Hatua ya sita: jua lini kipimo kinaweza kukudanganya

Baadhi ya vimelea vimepoteza jeni inayotengeneza HRP2, hivyo havionekani kwenye kipimo hiki. Viligunduliwa kwanza Peru mwaka 2010, kisha vikaonekana Eritrea. Dalili zikiendelea na kipimo kikabaki hasi, omba hadubini. Kinyume chake, HRP2 hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na mtoto aliyepona anaweza kuonekana chanya. Kwa hiyo kabla ya kumchoma kidole, muulize mama tarehe ambayo mtoto alimeza kidonge cha mwisho cha malaria, na kama haijapita muda mrefu, mpime kwa hadubini.