SOMO: Kuchagua dizaini ya aplikei kwa mashine ya kudarizi (soma lote kabla hujaniuliza)

Salaam wapendwa. Wiki hii nimeulizwa mara tano "dada, dizaini gani nzuri ya aplikei?" Natumiwa picha ya ua, basi. Mtu hasemi anashona juu ya nini wala fremu yake (ile inayobana kitambaa kwenye mashine) ina ukubwa gani. Ni kama kuniuliza kiatu gani kizuri na mguu umeuacha nyumbani. Sasa nimeandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamleta hapa.

Kwa mgeni: aplikei ni kipande cha kitambaa kinachowekwa juu ya kitambaa kingine na kushonwa pembeni. Kwenye mashine mambo huenda hivi. Inashona mstari wa kukuonyesha mahali, inasimama. Unaweka kipande chako. Inapita mstari wa pili wa kukishika, inasimama. Unakata ziada, kisha inafunga ukingo. Kinachotupendeza wengi ni muda. Ua la sentimita 10 lililojazwa uzi mtupu laweza kufika mishono 18,000, na kwa mashine ya mishono 600 kwa dakika hiyo ni nusu saa kabla hujahesabu kubadilisha nyuzi. Ua hilohilo kwa aplikei linaweza kumalizika kwa mishono 5,000 hivi, dakika nane na ushee. Rangi zote unaachia kitenge.

Hatua ya 1. Kitambaa cha chini. Shuka na foronya za pamba hubeba karibu kila dizaini. Fulana inataka ukingo mwepesi na karatasi ya nyuma (inayowekwa chini ya kitambaa kukikaza) ile ya kukata kwa mkasi, si ile ya kuchana. Dera ni jepesi, weka dizaini ndogo, la sivyo litavutwa upande mmoja.

Hatua ya 2. Fremu. Kama imeandikwa 100 kwa 100 mm, dizaini isizidi hapo.

Hatua ya 3. Aina ya faili la dizaini. PES kwa mashine za Brother, JEF kwa Janome, DST kwa mashine nyingi za biashara. DST haibebi rangi, kwa hiyo ukiona waridi la bluu kwenye skrini usipige kelele.

Hatua ya 4. UKUBWA. Hapa kaa chini.

Nilipewa oda ya foronya 12 za bibi harusi. Nikapenda ua moja lililotengenezwa kwa upana wa 180 mm, na fremu yangu ni ya 100. Nikalipunguza kwenye kompyuta hadi 98. Kwenye skrini lilikuwa zuri kuliko lilivyokuwa mwanzo. Nilichosahau ni kwamba ukilipunguza ua umepunguza na ukingo wake. Ukingo wa satini (ni jina la MSHONO wa nyuzi zilizolala zikibanana, si kitambaa cha satini) ulikuwa wa 3.5 mm, ukabaki 1.9. Mimi nikikata ziada huacha milimita moja hivi nje ya mstari, pengine moja na nusu mkono ukichoka. Ukingo wa 1.9, ambao nusu yake tu ndiyo iko nje, hauwezi kufunika hiyo. Nyuzi za kitambaa zikachomoza pande zote kama ndevu. Halafu programu yangu haikuhesabu mishono upya, ilibana ileile. Nafasi kati ya mshono na mshono ilikuwa 0.4 mm, ikawa kama 0.2. Uzi ukawa unakatika kila dakika na sindano ikatoboa kitambaa kama pembeni mwa stempu. Foronya ya kwanza nikalaumu kitambaa. Ya pili nikabadilisha sindano. Ya tatu nilishajua kosa ni langu lakini siku zimekwisha, basi nikaziendeleza zote, nikazinyoa ndevu kwa mkasi na kuzipiga pasi. Zilirudi baada ya wiki mbili. Zilikuwa zimefuliwa mara moja tu, na maua yamebanduka pembeni kama maganda. Foronya nyingine 12 nilinunua kwa pesa yangu.

Kwa hiyo:
- Sipunguzi zaidi ya asilimia 10 wala siongezi zaidi ya 20. Ukiongeza sana mishono inaachana na kitambaa cha chini kinaonekana katikati yake.
- Wauzaji wengi hutoa dizaini moja kwa saizi tatu nne. Nunua saizi yako.
- Kabla ya kubadilisha ukubwa andika idadi ya mishono. Badilisha, tazama tena. Namba ikiwa ileile, programu yako haihesabu upya, imebana tu. ACHA.
- Hata ikihesabu upya, pima upana wa ukingo. Chini ya milimita 3 usijaribu kama mkono wako wa kukata bado mgeni.

Hatua ya 5. Umbo. Nusu ya ukingo hukaa juu ya kipande chako. Jani lenye upana wa sentimita moja, lenye ukingo wa 3.5 mm kila upande, linakubakishia milimita sita na nusu za kitambaa. Ncha yake nyembamba yote ni uzi, na kingo mbili zikikutana hapo zinafanya kinundu. Chagua maumbo manene yenye kona za duara: moyo, embe, samaki, herufi pana. Vikonyo na ndevu za maua viwe vya uzi mtupu. Halafu hesabu vipande. Kipepeo wa vipande sita anakusimamisha mara 12, na kwa foronya 12 umesimama mara 144. Bei uliyomtajia mteja ilihesabu hilo?

Hatua ya 6. Ukingo na kitambaa cha juu viendane. Kitambaa kinachofumuka (satini, oganza, hariri) kinataka ukingo wa satini uliojaa. Kitenge kilichobandikwa gamu kwa pasi kinavumilia zigizaga. Dizaini za mstari mtupu, ambazo ukingo wa kitambaa unabaki wazi, ni za felti, au za mtu anayependa kitu kichakae kwa makusudi.

Hatua ya 7. Mchoro wa kitenge. Duara kubwa kama sahani, likikatwa kwenye moyo wa sentimita nne, linakuwa rangi moja tu. Toboa karatasi kwa umbo la dizaini, itembeze juu ya kitenge mpaka uone unachokitaka ndani ya tundu. Kitenge kipya fua kwanza, hasa chekundu kinachokwenda juu ya shuka jeupe.

Hatua ya 8. Shona kwanza kwenye kitambara. Kila dizaini mpya. Kila moja.

Maswali karibu.

—

Fundi wa Usiku: Somo zuri. Naomba dizaini nzuri ya shuka.

Mwandishi: Hatua ya 1, ya 2 na ya 4. Ukishazisoma rudi na kipimo cha fremu.

Koti Refu: Sister, nirushie faili la nembo ya Yanga, nina oda ya fulana 30.

Mwandishi: Situmi. Nembo ya timu ina mwenyewe, na fulana 30 za kuuza si za kujifunzia. Nenda kaombe ruhusa ya klabu.

Koti Refu: Sema tu wewe ni Simba.

Mwandishi: Mimi Coastal Union, na ya Coastal pia situmi.

Mama Foronya: Nimezunguka Kariakoo yote natafuta hicho kitambaa cha satini cha 3.5 mm, hawakijui.

Mwandishi: Mama yangu, nimeandika kwa herufi kubwa kwamba ni mshono. Milimita ni upana wa ukingo. Pole na jua.

Bint Muscat: Assalaam alaykum somo. Niko Muscat, nashona abaya za krepu nyeusi. Nataka maua ya oganza kwenye mikono, lakini kila dizaini nikijaribu mkono unakuwa mgumu na ndani inaonekana karatasi nyeupe. Je, tatizo ni dizaini au ni karatasi?

Mwandishi: Waalaykum salaam bibie. Swali kama hili ndilo lililonifanya niandike. Tatizo ni vyote viwili. Kwenye dizaini, tafuta ua la petali chache, tena liwe wazi katikati, lisiwe na kujaza kokote. Ukingo uwe wa satini wa 2.5 mm. Najua nimesema juu usishuke chini ya 3, lakini hiyo ni kwa mkono mgeni, na oganza ni nyembamba, unaweza kuikata ukigusa mstari kabisa. Angalia pia kama mstari wa kushika unapita mara mbili, kwa sababu oganza hufumuka ukiwa bado unakata. Kwa nyuma tumia ile inayoyeyuka kwa maji, nzito kidogo, au karatasi nyeusi laini ya kukata. Bobini (uzi wa chini) iwe nyeusi. Krepu usiibane kwenye fremu, itabaki na alama ya duara. Bana karatasi peke yake, ipulizie gundi ya muda, laza krepu juu yake. Sindano saizi 75/11 na pasi ya moto mdogo, maana oganza ya poliesta huyeyuka kabla hujasema loo.

Bint Muscat: Allah akulipe. Na nikitaka krepu ya chini ya ua nikaitoa, mkono upitishe mwanga?

Mwandishi: Wazo zuri hilo. Maliza kushona kwanza, kisha geuza na ukate krepu kwa nyuma, ndani ya ukingo, ukiacha milimita mbili. Ila kwa hilo rudi kwenye ukingo wa 3 au 3.5, maana sasa unashika vitambaa viwili vilivyokatwa pande mbili. Na usitoe kwenye kila ua, chagua moja au mawili kila mkono. Ukimaliza tuonyeshe.

Cherehani Chakavu: Mimi napunguza hadi nusu miaka yote na sijawahi kupata hayo maganda yako. Labda ni ufundi.

Mwandishi: Labda. Unatumia programu gani, ile inayohesabu mishono upya au ya bure inayobana tu? Idadi ya mishono inabadilika? Ukingo unabaki na upana gani? Ukijibu matatu hayo tutaongea ufundi.

Cherehani Chakavu: Inahesabu upya. Na ukingo nauandika mwenyewe 3.5.

Mwandishi: Basi hupunguzi dizaini, unatengeneza ukingo upya. Ni sahihi, na ungesema hivyo mwanzo ungewasaidia wenzako. Wengi humu hawana hiyo programu.

Cherehani Chakavu: Sawa dada, nimekubali. Niongeze: hata ukingo ukiwa sahihi, ukifika nusu tazama zile ncha. Mimi huwa nazifuta na kuzifanya duara.

Mwandishi: Hapo tuko pamoja.

Sindano Sita: Mashine yangu ni ya sindano nyingi. Nikiweka dizaini ya aplikei haisimami, inaunganisha mstari wa kwanza na wa pili mpaka ukingo, sijaweka hata kitambaa. Nimenunua dizaini mbovu?

Mwandishi: Dizaini nzima hiyo. Mashine ya sindano moja husimama penye kubadilisha rangi kwa sababu inakusubiri uweke uzi mwingine. Yako inazo nyuzi zote tayari, haina cha kusubiri, inahamia sindano ya pili inaendelea. Tafuta kwenye menyu ya mashine sehemu ya kuweka kusimama, weka baada ya rangi ya kwanza na baada ya ya pili. Mashine nyingi za namna hiyo zina pia amri ya kusogeza fremu mbele ikisimama, uweke na kukata kwa nafasi. Na usijaribu kuzipa hatua zote rangi moja ili kuokoa uzi. Programu nyingine huziunganisha, na ukishapoteza hizo rangi umepoteza na vituo.

Sindano Sita: Imesimama! Na fremu imekuja mbele yenyewe. Miezi minne nimekuwa nakimbizana na kitufe cha kuzima.

Uzi Mweupe: Nje ya mada kidogo. Umeme ukikatika katikati ya ukingo mnafanyaje? Huku kwetu ni kila jioni.

Mwandishi: Usitoe kitambaa kwenye fremu, hata ukae gizani saa tatu. Mimi naandika namba ya mshono kwenye daftari kila mashine inaposimama. Umeme ukirudi nasogeza mbele mpaka namba hiyo, narudi nyuma mishono kama kumi ili ishike, naendelea. Nyingine hukumbuka zenyewe, yangu mara nyingine hukumbuka na mara nyingine hujisahaulisha.

Mama Foronya: Na mkasi? Mie natumia wa kawaida, nimeshatoboa mashuka mawili.

Mwandishi: Tafuta wenye mdomo wa bata, ule upande mmoja mpana. Upande mpana unakaa chini, unakandamiza shuka lisiinuke. Ukiukosa, hata ule mdogo uliopinda ncha unafaa, mgongo wa mpindo uangalie shuka. Kata fremu ikiwa mezani, si mapajani.

Mama Foronya: Mapajani ndiko nilikokuwa nakatia. La pili nilitoboa pamoja na khanga niliyovaa.

Fundi wa Usiku: Nimerudi. Fremu yangu ni 130 kwa 180, shuka la pamba jeupe, kitenge cha bluu cha maua madogo, mkono bado mgeni.

Mwandishi: Haya sasa. Embe au samaki, kipande kimoja, upana wa 120 hivi, ukingo wa satini 4 mm. Fua kitenge leo, kesho shona kwenye kitambara, weka picha hapa tuone ukingo.