Jinsi ya kusoma neno linaloishia "-itis" kwenye karatasi ya daktari

Anzia mwishoni. Neno likiishia "itis", daktari anasema kuna mahali mwilini pamevimba, na mara nyingi panauma. Kwa Kigiriki cha kale mwisho huo ulikuwa na maana ya "-a" tu, kama "wa" au "ya": arthritis nosos ni ugonjwa wa viungo, kisha nosos, yaani ugonjwa, likaachwa. Maana ya uvimbe iliingia baadaye sana. Dalili zenyewe Mroma Celsus alishaziorodhesha katika karne ya 1: wekundu, uvimbe, joto na maumivu.

Sasa rudi mwanzo wa neno. Gastr ni tumbo, hepat ini, nephr figo, cyst kibofu, mening utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Mengine unayajua kwa majina ya nyumbani: hepatitis ndiyo homa ya ini. Appendicitis, yaani kidole tumbo kilichovimba, lilibuniwa na Reginald Fitz wa Boston mwaka 1886, akaunganisha Kilatini na Kigiriki bila haya.

Wengi huishia hapo. Mimi nauza dawa kwenye kemisti Kawangware, Nairobi, si mbali na stendi ya matatu za 46, na karatasi hutua kaunta: "Daktari, nimeambiwa gastritis, nipe antibiotiki." (Daktari si mimi, ila nimechoka kubishana.) Neno limetaja mahali na hali; chanzo halijakitaja. Gastritis huweza kuletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na huyo kweli hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Lakini huweza pia kuletwa na pombe, au na zile dawa za maumivu, diclofenac, unazomeza kila jioni kwa sababu ya mgongo wa mjengo. Wewe nikikuuzia antibiotiki nimekula pesa zako bure, na tumbo litaendelea kuwaka.

Kwa hivyo kabla hujainuka mbele ya daktari, muulize: "Imeletwa na nini?" Aandike jibu kando ya neno. Kama ni hepatitis ya virusi, herufi iwepo, maana A, B na C hazitibiwi sawa. Hiyo ndiyo ninayoitafuta kwanza.

Lakini mtu akiwa na homa kali, shingo imekakamaa na mwanga unamuumiza macho, usingoje karatasi wala usije kwangu. Huenda ni meningitis. Mpeleke hospitali usiku huohuo.