Dola ya Morgan: soma herufi kwanza, kisha nywele juu ya sikio

Dola ya Morgan, sarafu ya fedha iliyopigwa kwa matumizi ya kawaida, ilitengenezwa Marekani kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Ina gramu 26.73, kipenyo cha milimita 38.1, na fedha asilimia 90. Ukongwe pekee hauifanyi adimu: za 1921 zisizo na herufi ya kiwanda zilipigwa zaidi ya milioni 44, na bado wapo wanaoziuza kama lulu.

Geuza upande wa tai. Herufi ya kiwanda kilichopiga sarafu iko chini ya fundo la shada, juu ya neno DOLLAR: S ni San Francisco, O New Orleans, CC Carson City, D Denver (1921 tu). Pakiwa patupu, ni Philadelphia. Mwaka na herufi husomwa pamoja. 1881-S safi kabisa hupatikana bila taabu. 1893-S zilipigwa 100,000 tu. Inayowanasa wengi ni 1884-S: iliyochakaa ipo tele, isiyotumika ni ya kutafutwa kwa tochi, na bei huruka mara kadhaa kati ya hizo mbili.

Ndiyo maana jicho lazima lijue kuchakaa. Daraja la hali ya sarafu huenda 1 hadi 70, na kuanzia 60 sarafu haijatumika. Washa taa moja tu, shika sarafu kwa ukingo, iinamishe huku ukiizungusha polepole. Mng'ao wa asili hukimbia kama spoki za baiskeli. Sasa tazama kwa lenzi ya mara 5 hadi 10 nywele zilizo juu ya sikio la mwanamke wa upande wa pili, na kifua cha tai. Zikiwa bapa lakini mng'ao unapita juu yake bila kukatika, ni pigo hafifu la mashine, jambo la kawaida kwa za New Orleans. Pakiwa na ukijivu uliokufa, sarafu imetumika, hata muuzaji aape vipi.

Mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja ni dalili ya kusuguliwa. Iache. Na yako usiisafishe kamwe. Dawa ya meno imeua sarafu nyingi kuliko wezi.

Kuhusu bandia, weka kikombe cha maji juu ya mizani inayosoma hadi gramu 0.01, rudisha sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa kikombe. Mizani isome karibu gramu 2.59. Kipimo hiki hakimkamati aliyebandika S kwenye 1893 halisi ya Philadelphia, kwa kuwa fedha ni ileile. Hapo tafuta kistari cha mshazari kilichoinuka kwenye sehemu ya juu ya T ya neno LIBERTY, upande wa kichwa cha mwanamke. 1893-S halisi inacho.

Kwa sarafu ya bei kubwa, nunua iliyofungwa kwenye kisanduku na PCGS au NGC, kampuni za kukagua sarafu na kuzipa daraja, uhakiki namba kwenye tovuti yao na ulinganishe picha, maana hata visanduku hughushiwa. Zisizofungwa usizitie kwenye plastiki laini ya PVC: huacha utando wa kijani unaokula fedha.